MKOROSHO KWA NDANI: SOMO JUU YA SELI NA TISHU ZA MIMEA

Msimu wa korosho unapofunguliwa, katibu wa chama cha msingi huketi na daftari lake la mapokezi, mizani ikiwa mbele yake na wanachama wakiwa wamepanga magunia yao kwa zamu. Kazi yake siku hiyo ni kupima, kuandika na kupokea. Lakini mengi ya yale anayoyapima yalikwisha kuamuliwa miezi mingi kabla, huko shambani, ndani ya sehemu ndogo sana za mti ambazo jicho haliwezi kuziona. Korosho iliyosinyaa, korosho yenye madoa, korosho iliyoota ukungu, na shada la maua lililokauka bila kuzaa chochote, yote hayo yana asili yake katika seli na tishu za mkorosho.

Shabaha ya somo hili ni kuonyesha kwamba kila kanuni inayohimizwa na maafisa ugani, na kila sharti linalowekwa mlangoni pa ghala, lina sababu yake katika mwili wa mti. Mwanachama anayeamrishwa bila kuelezwa sababu aghalabu hutii mwaka mmoja na kuacha mwaka wa pili. Anayeijua sababu hahitaji kusimamiwa.

Jambo hili si dogo kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani zipatazo 16,500 tu. Sababu zilikuwa nyingi: wakulima walihamia vijijini wakaacha mashamba yao mbali, bei ilikuwa ndogo, na vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 kabla ya kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Lakini sababu mojawapo kubwa ilikuwa kiumbe kidogo kuliko vyote, yaani kuvu wa ubwiriunga, ambaye hushambulia safu moja tu ya seli katika majani na maua machanga. Utafiti uliofanywa katika kituo cha Naliendele, Mtwara, pamoja na juhudi za wakulima wenyewe, uliinua zao hilo tena, hata katika msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 313,000.

SELI NI NINI?

Nyumba hujengwa kwa matofali, na mmea hujengwa kwa seli. Tofauti ni kwamba tofali halina uhai, bali seli hula, hupumua, hukua na kugawanyika kuwa mbili.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa hadubini kipande chembamba cha gome la mti ambalo hutumika kuzibia chupa. Aliona vijumba vidogo vingi vilivyopangana kama masega ya nyuki, akavipa jina lenye maana ya chumba kidogo, ndilo lililozaa neno seli. Alichokiona Hooke kilikuwa kuta tu za seli zilizokwisha kufa. Ilipofika mwaka 1838 Mjerumani Matthias Schleiden alifundisha kwamba sehemu zote za mmea, tangu mzizi hadi ua, zimejengwa kwa seli.

Seli hai ya mmea ina sehemu hizi:

Ukuta wa seli. Huu ndio uzio wa nje, nao ni mgumu. Ndio unaoupa mmea umbo lake. Seli za wanyama hazina ukuta huu.

Utando wa seli. Uko ndani ya ukuta, nao ni mwembamba sana. Kazi yake ni kama ya bawabu, yaani kuruhusu baadhi ya vitu kuingia na kuvizuia vingine.

Saitoplazimu. Hii ni ute ambao ndani yake kazi nyingi za uhai hufanyika.

Nyukliasi. Hii huongoza kazi za seli na kutunza sifa za urithi. Ndani yake ndimo ilimoandikwa kwamba mkorosho huu utazaa korosho kubwa au ndogo.

Vakuoli. Huu ni mfuko wa maji ulio katikati ya seli. Ukijaa, seli hukazana kama mpira uliojazwa upepo, na jani husimama. Ukipungukiwa na maji, seli hulegea na jani hunyauka. Mche wa mkorosho uliohamishwa ukanyauka saa nane mchana, mifuko hii imepungukiwa na maji.

Kloroplasti. Hizi ni chembe za kijani zilizomo katika seli za majani. Hutumia nguvu za jua, maji na hewa ya kaboni dioksaidi kutengeneza sukari. Kila gramu ya mafuta iliyomo katika korosho ilianza kuwa sukari katika chembe hizi.

TISHU NI NINI?

Katika chama cha msingi mmoja hupima, mwingine huandika, mwingine hulinda ghala. Kila mmoja angefanya kazi zote peke yake, hakuna ambayo ingefanywa vizuri. Seli nazo zimegawana kazi. Kundi la seli zilizoungana kufanya kazi moja huitwa tishu. Mkorosho una tishu za aina tano zinazompasa mkulima kuzifahamu.

1. TISHU ZA KUKUA

Tishu hizi huitwa meristemu. Seli zake ni ndogo, zina kuta nyembamba, na kazi yake ni kugawanyika ili kutoa seli mpya. Zinapatikana katika ncha za matawi, katika ncha za mizizi, na katika duara jembamba lililo kati ya gome na mti wenyewe. Duara hilo huitwa kambiamu, nalo ndilo linalounenepesha mti mwaka hadi mwaka.

Mkulima afahamu kwamba mti haukui kila mahali. Hukua pale tu penye meristemu. Ncha ikiliwa na mdudu, tawi hilo husimama. Ncha ya mzizi mkuu ikikatika wakati wa kuhamisha mche, mti hukosa mzizi wa kushuka chini kutafuta maji, nao katika nchi yenye kiangazi kirefu kama Nachingwea utateseka maisha yake yote. Ndiyo maana inahimizwa kupanda mche pamoja na udongo wote uliomo katika kiriba, bila kuuvunja, na kutouchelewesha kiribani hata mzizi ukajikunja. Aidha, karibu na ncha za mizizi kuna vinyweleo, na kila kinyweleo ni sehemu ya seli moja iliyojirefusha ili kunyonya maji. Udongo ukipukutika, vinyweleo hukatika.

Karanga nayo ina somo lake hapa. Ua la karanga huchanua juu ya ardhi. Baada ya kuchavushwa, tishu ya kukua iliyo nyuma ya kifuko cha mbegu hurefusha kijiti kinachoinama na kuingia udongoni, na huko ndiko karanga inakojijenga. Udongo mgumu hukizuia kijiti hicho kuingia, na baadaye huzishika karanga zising'oleke kwa urahisi. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo, zilizochaguliwa na Waingereza kwa mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, zikiwamo mvua haba na mashine zisizofaa, lakini kule Kongwa udongo uliokauka na kuwa mgumu mithili ya tofali ulikuwa mmojawapo. Mmea una mahitaji yake ambayo fedha wala trekta haviwezi kuyafuta.

2. TISHU ZA KUFUNIKA

Sehemu zote changa za mmea zimefunikwa na safu ya seli iitwayo epidemisi. Juu ya safu hii mmea hupaka nta inayozuia maji yasipotee na kuwazuia maadui wasiingie. Katika majani kuna vitundu vidogo viitwavyo stomata, ambavyo hufunguka na kufunga. Kwa vitundu hivyo jani hupokea hewa na kutoa mvuke. Shina linapozeeka, epidemisi hupasuka na mahali pake huchukuliwa na gome, ambalo sehemu yake ya nje ni seli zilizokufa.

Jani la mkorosho linapochipua huwa laini, na mara nyingi lina rangi ya wekundu wa kahawia. Nta yake bado ni chache na kuta za seli zake ni nyembamba. Likikomaa huwa la kijani, gumu, lenye kung'aa. Mkulima akizishika kwa vidole hali hizo mbili ataihisi tofauti mara moja, na tofauti hiyo ndiyo siri ya ubwiriunga.

Kuvu wa ubwiriunga hawezi kuishi juu ya tishu iliyokufa, na hulishinda kwa shida jani lililokomaa. Mbegu zake, nyepesi kuliko vumbi, huchukuliwa na upepo. Ikitua juu ya jani changa, ua, au bibo changa, mbegu huota, hutandaza nyuzi nyeupe, na kupenyeza vijimizizi ndani ya seli za epidemisi ili kunyonya chakula. Unga mweupe unaoonekana ni nyuzi hizo na mbegu zake mpya. Maua yaliyonyonywa hugeuka rangi ya kahawia na kukauka bila kufunguka. Pale ugonjwa unapoachwa bila kuzuiwa, mkulima anaweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno yake, na hata kukosa kabisa.

Kutokana na hayo, kanuni tatu zinaeleweka. Kwanza, salfa hutiwa wakati machipukizi na maua yanapoanza kutoka, kwa kuwa huo ndio wakati epidemisi haina kinga yake yenyewe. Salfa humzuia kuvu asiote, lakini haifufui seli iliyokwisha kufa. Mwanachama anayesubiri hadi shada lote liwe jeupe ndipo akope salfa, amenunua dawa ya kutia juu ya maiti. Pili, salfa hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi kama afisa ugani atakavyoelekeza, kwa sababu kila siku maua mapya hufunguka na seli mpya zisizo na unga wa dawa hujitokeza. Tatu, machipukizi yanayoota ndani ya kivuli cha mti hupogolewa kabla ya maua kuanza, kwa kuwa ni machanga wakati ambapo mti wote umekomaa, na humo ndimo kuvu anamojihifadhi akisubiri msimu. Anayepuliza salfa hana budi kufunika pua, mdomo na macho, maana tishu za mwanadamu nazo huumizwa nayo.

Ni wajibu wa katibu, basi, kuhakikisha orodha ya mahitaji ya salfa imekamilika mapema. Pembejeo iliyochelewa kwa wiki chache imekosa tishu iliyokusudiwa kuilinda.

3. TISHU ZA KUJAZA NA KUTUNZA

Tishu hizi huitwa parenkima. Seli zake ni kubwa, kuta zake ni nyembamba, na ndizo nyingi kuliko zote katika sehemu laini za mmea. Zile zilizomo katika jani zina kloroplasti, na kazi yake ni kutengeneza chakula. Zile zilizomo katika shina, mzizi na mbegu hutunza akiba. Muhogo ni parenkima iliyojaa wanga. Bibo ni parenkima iliyojaa maji na sukari. Kiini cha korosho ni parenkima iliyojaa mafuta na protini.

Kwa kuwa parenkima ni laini na ina utamu, wadudu wenye mdomo wa kufyonza huipenda. Mbu wa mikorosho hudunga machipukizi machanga na kumwaga mate yenye sumu, na seli zilizo kandokando hufa na kuacha madoa meusi. Siafu wa miti waitwao majimoto, wanaoshona majani kuwa viota, huwawinda wadudu hao. Mwanachama anayewachoma majimoto kwa sababu ya kuumwa wakati wa kupalilia amemfukuza mlinzi asiyedai mshahara.

4. TISHU ZA KUIMARISHA

Mmea hauna mifupa, nao husimama kwa tishu za namna mbili. Kolenkima ni seli hai zenye kuta nene kwenye pembe, nazo huimarisha vikonyo vya majani na matawi machanga bila kuyazuia kupinda. Sklerenkima ni seli ambazo kuta zake zimekuwa nene na ngumu hata seli yenyewe ikafa. Nyuzi za katani ni sklerenkima. Kifuu cha nazi ni sklerenkima. Tabaka gumu la ndani la ganda la korosho ni la jamii hiyo hiyo.

Tishu hizi ndizo pia zinazopasua vitumba vya ufuta. Ukuta wa kitumba una matabaka ya seli laini na seli ngumu. Unapokauka, matabaka hayo husinyaa kwa kiasi tofauti, ukuta hujivuta, kitumba hupasuka kwa juu na mbegu humwagika. Kwa hiyo ufuta hauvunwi ukiwa umekauka wote shambani. Hukatwa vitumba vya chini vinapoanza kufunguka, hufungwa matita, husimamishwa wima, na hukung'utwa juu ya turubai. Anayechelewa huirudishia ardhi mbegu zilizokuwa zilishe mizani.

5. TISHU ZA KUSAFIRISHA

Zailemu husafirisha maji na chumvichumvi kutoka mizizini kwenda juu. Mirija yake ni seli zilizokufa, zilizoungana kichwa kwa mkia kama mabomba. Mbao yote ya mti ni zailemu. Floemu husafirisha sukari kutoka majanini kwenda kunakohitajika: mizizini, katika ncha zinazokua, na katika korosho zinazojaa. Seli zake zi hai, nazo ziko katika sehemu ya ndani ya gome.

Yafaa mpangilio huu ukaririwe kutoka nje kwenda ndani: gome la nje, floemu, kambiamu, kisha zailemu. Kutokana nao inafahamika kwa nini mti uliobanduliwa gome pande zote hufa ingawa mbao yake ni nzima. Maji huendelea kupanda, na majani hubaki ya kijani kwa muda, hata mwenye shamba akadhani hakuna madhara. Kumbe sukari haishuki tena, mizizi inakufa njaa, na mizizi ikifa mti mzima huifuata.

Moto wa kiangazi hufanya jambo lilo hilo. Moto wa majani makavu ukipita chini ya mkorosho, huweza kuziua floemu na kambiamu chini ya gome pasipo shina kuungua. Aidha moto huo huja katika miezi ile ile ambayo mkorosho umebeba machipukizi na maua. Kufyeka chini ya mti na kuchimba njia ya kuzuia moto si kazi ya kupendezesha shamba, bali ni kulinda tabaka la seli lisilozidi unene wa karatasi chache.

KUBEBESHA MICHE

Mche unaotokana na mbegu haufanani lazima na mama yake, kwa kuwa nyukliasi ya mbegu imechanganya urithi wa miti miwili. Kikonyo kilichokatwa kutoka mti bora kina urithi wa mti huo mmoja tu. Hiyo ndiyo faida ya kubebesha.

Kubebesha hufaulu pale kambiamu ya kikonyo inapogusana na kambiamu ya mche. Seli za pande zote mbili hugawanyika, hujaza pengo, kisha hutoa zailemu na floemu mpya zinazounganisha mirija. Ndiyo sababu kikonyo huchaguliwa chenye unene sawa na mche. Kama unene hautoshani, kikonyo husogezwa upande mmoja ili kambiamu zikutane walau upande huo. Kisu huwa kikali ili seli zikatwe zisipondwe. Kiungo hufungwa kwa utepe wa nailoni ili zisikauke. Mnazi hauwezi kubebeshwa, wala mhindi, kwa sababu mirija yao imetawanyika ndani ya shina na hawana duara la kambiamu.

Njia hiyo hiyo hutumika kwa mkorosho mzee usiozaa vizuri. Shina hukatwa, machipukizi mapya huachwa yaote, nayo hubebeshwa vikonyo vya miti bora. Mizizi ya zamani, iliyokwisha kushuka chini sana, huendelea kufanya kazi kwa ajili ya matawi mapya.

KOROSHO YENYEWE

Wengi hudhani kwamba bibo ndilo tunda na korosho ni mbegu iliyoning'inia. Kwa kweli tunda halisi ni korosho pamoja na ganda lake. Bibo ni kikonyo kilichovimba. Korosho hutangulia kufikia ukubwa wake wote ikiwa ya kijani, kisha husinyaa kidogo na kukauka wakati kiini kinajaa. Bibo huvimba mwishoni.

Ganda lina matabaka matatu. La nje ni gumu kama ngozi. La kati lina vitundu kama vya sega, na humo mna mafuta makali yanayounguza ngozi ya mtu, ambayo viwandani hutumika kwa rangi na bidhaa za breki. La ndani ni sklerenkima ngumu inayokitenga kiini na mafuta hayo. Kisha huja ngozi nyembamba nyekundu ya mbegu, na ndani yake kiini.

Korosho ikikomaa, huanguka yenyewe pamoja na bibo, maana katika kikonyo tishu ya kutengana hulegeza seli zake wakati ukifika. Huo ndio ushuhuda wa mti kwamba kazi imekwisha. Anayetikisa matawi au kupiga kwa fimbo huangusha korosho ambazo parenkima ya kiini chake haijajaa. Zikikauka husinyaa, na ganda huonekana zuri lakini ndani ni tupu. Ndizo zinazoelea majini zikipimwa. Kadhalika bibo litenganishwe lote, kwa maana kipande cha nyama yake kikibaki huoza na kuipa korosho unyevu na ukungu.

MLANGONI PA GHALA

Kiini cha korosho ni kiumbe hai kilicholala. Seli zake hupumua hata zikiwa ndani ya gunia. Zikiwa kavu, hupumua polepole sana. Zikiwa na unyevu, hupumua kwa kasi, na kupumua huko huzaa joto na maji zaidi. Joto na maji hualika ukungu, na mafuta ndani ya seli huanza kuharibika. Kwa sababu hiyo korosho huanikwa juani siku mbili au tatu juu ya turubai, jamvi au sakafu safi, zikigeuzwa mara kwa mara, hata unyevu usizidi asilimia 10. Kwa sababu hiyo pia hufungwa katika magunia ya juti yanayopitisha hewa, na magunia hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Hapa pana jaribu ambalo kila katibu analifahamu. Mwanachama ana haraka, ada ya shule inadaiwa, nayo korosho mbichi ni nzito zaidi kwenye mizani. Anasihi apokelewe hivyo hivyo. Katibu ni jirani yake, pengine ni shemeji yake, naye huona haya kukataa. Lakini katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, mzigo wa wanachama wengi huuzwa mnadani kwa pamoja, na mnunuzi huupima kwa sampuli. Magunia machache yenye unyevu huweza kuushusha daraja mzigo wote, na hasara hiyo humwangukia hata mjane aliyeanika korosho zake siku tatu kwa uaminifu. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Aidha uzito wa maji hukauka njiani, na upungufu unaoonekana ghala kuu hukiletea chama deni na maneno.

Katibu anayerudisha gunia bichi hamnyimi mwenzake haki yake. Amwonyeshe turubai, ampe siku mbili za kuanika, na amweleze sababu kama ilivyoelezwa hapa. Mwanachama aliyeelezwa hukasirika leo, na kesho huwa yeye mwenyewe mlinzi wa mlango.

KAZI YA KUTENDA KATIKA MKUTANO

Vitu vifuatavyo vinaweza kufanywa mbele ya wanachama bila hadubini:

1. Kutia shina la mchicha katika glasi yenye maji na wino mwekundu usiku kucha, kisha kulikata asubuhi. Alama nyekundu zitakazoonekana ni zailemu.

2. Kulishika jani changa na jani lililokomaa la mkorosho, na kuzieleza tofauti zake.

3. Kukata kitawi cha mkorosho na kutafuta gome, utando wa kijani wenye ute chini yake, na mti mgumu.

4. Kutia korosho kavu na korosho changa katika ndoo ya maji, na kutazama zipi zinazama na zipi zinaelea.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini salfa haifai tena baada ya shada kukauka?

2. Mkorosho uliobanduliwa gome pande zote una majani ya kijani. Je, mwenye shamba ana sababu ya kutulia?

3. Kwa nini kikonyo na mche huchaguliwa vyenye unene sawa?

4. Gunia la korosho limekuwa la moto katikati. Joto hilo limetoka wapi, na katibu afanye nini?

5. Chama kiweke utaratibu gani ili mwanachama mwenye shida ya haraka asilazimike kuleta korosho mbichi?

Swali la tano halina jibu lililoandikwa katika vitabu vya kilimo. Jibu lake litatoka kwa wanachama wenyewe, wakiketi pamoja kabla ya msimu kufunguliwa, wakati mikorosho ingali inachipua.